Duka la vitabu Nachingwea litasimama, lakini si kwa vitabu unavyovifikiria

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nachingwea mjini. Nyumba yangu ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, na katika kiinua mgongo changu nimetenga shilingi milioni 6. Nataka kufungua duka la vitabu, si stesheneri tu, duka la vitabu hasa. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia nitazizika hizo fedha, kwamba watu wa Kusini hawasomi, na wachache wanaosoma wanasomea kwenye simu. Je, ni kweli? Nikianza, ninunue vitabu gani, na kwa fedha kiasi gani? Halafu jambo dogo la mwisho: watoto wa mtaani kwangu nawajua, watakuja kusoma bila kununua. Niwafukuze au niwaache?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nimeuza vitabu Masasi kwa miaka 18, kilomita 45 hivi kutoka hapo ulipo, na wateja wangu kadhaa ni watu wa Nachingwea wanaokuja na pikipiki kufuata kitabu kimoja. Kwa hiyo swali lako limenigusa. Duka litasimama. Ila usitie humo milioni 6 zote, na usinunue vitabu kwa kufuata mapenzi yako. Hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama mwakani wakati kama huu mlango wako utakuwa wazi.

Nianze na hilo la kwamba watu wa Kusini hawasomi, maana nimelisikia tangu mwezi wangu wa kwanza na linaniuma hadi leo. Anayelisema hajawahi kukaa nyuma ya kaunta huku kwetu. Madrasa za pwani hii, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, zimefundisha watoto herufi kwa karne nyingi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alitembea kutoka Lindi hadi Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi hapa. Steere huyo ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kuongoza kazi ya kutafsiri Biblia, kwa hiyo unaweza kusema kitabu cha Kiswahili kiliingia Masasi siku moja na mji wenyewe. Wabenedikto walioweka misheni Ndanda mwaka 1906 wakaja kuwa na kiwanda cha uchapaji, na vitabu vyenye jina la Ndanda vimesambaa nchi nzima. Kisha Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mpaka leo nina wateja wazee waliojifunza kusoma katika madarasa ya kisomo chini ya mwembe. Wanasoma polepole, midomo ikichezacheza, lakini wanamaliza kitabu, wakarudi kuuliza kingine.

Msomaji yupo, Mwalimu. Anachokosa ni kitabu mahali anapopita, kwa bei anayoimudu, siku ambayo mfukoni mna kitu.

Sasa nikueleze kinachoua maduka ya vitabu ya miji midogo, kwa sababu nimeyaona mawili yakifa na langu likaponea chupuchupu. Ni mzigo uliolala. Kitabu kisichotembea hakiozi kama nyanya, ndiyo maana mwenye duka hashtuki. Kipo rafuni, kinapendeza, anakipangusa vumbi kila Jumamosi. Kumbe pale pamefungwa shilingi elfu 8 ambazo zingezunguka mara nne kwa mwaka. Ukiwa na vitabu 150 vya namna hiyo, huna tena fedha ya kuleta kile ambacho watu wanakiulizia. Wakiuliza mara tatu wakakosa, hawaji mara ya nne.

Mimi nilifundishwa somo hili kwa gharama. Mwishoni mwa 2023 nilipata Dar es Salaam vitabu vya ziada vya darasa la kwanza na la tatu kwa bei ya chini mno. Nikachukua maboksi sita bila kuuliza kwa nini bei imeporomoka. Januari 2024 mtaala mpya ukaanza kutumika, na madarasa yaliyotangulia kuguswa katika shule za msingi yalikuwa hayohayo, la kwanza na la tatu, pamoja na awali. Yule aliyeniuzia alijua. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, kwa sababu taarifa za mtaala zilikuwa zimetangazwa. Maboksi manne kati ya yale sita bado ninayo. Na mtaala huo unapanda darasa kwa darasa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hata leo mtu akikuletea vitabu vya shule kwa bei ya kutupa, muulize ni vya mtaala upi kabla hujauliza bei.

Hapo hapo nikuonye kuhusu vitabu vya kiada. Wewe ni mwalimu, na najua mawazo yako ya kwanza yatakwenda huko. Yaache. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mzazi wa shule ya serikali anajua kwamba vitabu vya kiada ni jukumu la serikali, vinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na taasisi hiyo imeviweka pia katika maktaba mtandao. Hutashindana na kitu cha bure. Anachonunua mzazi ni kile kinachomsaidia mtoto nyumbani: kamusi ndogo, vitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita, vitabu vya hadithi vyepesi vya kumfundisha mdogo kusoma. Kamusi hutembea mwaka mzima. Ningekuwa na ruhusa ya kuweka kitabu cha aina moja tu dukani, ningeweka kamusi.

Hapo Nachingwea mna historia inayofaa kukumbukwa na kila anayeanza jambo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulileta kwenu matrekta, na reli ikajengwa kuja kutoka bandari ya Mtwara, kabla udongo na mvua havijapimwa vya kutosha. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umevunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Walileta mzigo kwanza, wakauliza ardhi baadaye. Nakusihi uanze na kuuliza.

Namna ya kuuliza ni rahisi mno na ndiyo kazi yangu kubwa kuliko zote. Nunua kauntabuku moja, uiandike juu: MAOMBI. Kila anayeingia akaulizia kitabu usichokuwa nacho, andika tarehe, kitabu alichotaka, jina lake na namba ya simu. Usimjibu "hakuna" ukanyamaza. Mwambie, "Sina leo, nakuandika." Mwisho wa mwezi kaa na daftari hilo kwa kikombe cha chai, uhesabu. Kitabu kilichoulizwa na watu watatu tofauti, agiza vinne. Kilichoulizwa na mmoja, mpigie umwombe atangulize nusu ya bei, ndipo ukiagize. Kile ambacho hakijaulizwa na mtu yeyote, hata kama wewe unakipenda kiasi cha kukikariri, usiagize zaidi ya nakala moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wanazungumzia madeni. Mimi naongeza kwamba hata wateja hupotea bila habari.

Tena anza daftari hilo kabla hujafungua duka. Una chumba, una baraza, una jina zuri mjini kwa sababu umefundisha nusu ya watu wanaopita hapo. Weka meza barazani kwa mwezi mmoja, uza kalamu na madaftari, na umwulize kila mtu: ungependa kusoma nini? Utashangaa.

Mimi nilishangazwa na wauguzi. Miji yetu imejaa watumishi waliohamishwa kutoka Kilimanjaro, Mwanza, Mbeya, wako peke yao katika vyumba vya kupanga, na jioni ya Nachingwea ni ndefu kwa mtu asiye na ndugu. Muuguzi mmoja alikuja kwangu baada ya zamu ya usiku akaniomba "riwaya yoyote nene". Nilimpa. Akarudi baada ya siku tano. Kupitia yeye nikapata wenzake saba, na mpaka leo riwaya za Kiswahili dukani kwangu hulipwa zaidi na hospitali kuliko na shule. Ninyi mna chuo cha ualimu hapo hapo, kwa hiyo mna vijana ambao kitabu ni zana yao ya kazi. Tembelea chuo, ongea na wakufunzi, jua orodha zao za muhula. Wanajeshi nao ni wasomaji wazuri, hasa wa historia, na mjini kwenu hawakosekani.

Kundi la pili ni watu wa dini, na hili liheshimu sana. Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, hutembea kila mwezi, na misahafu hununuliwa zaidi Ramadhani inapokaribia. Biblia na vitabu vya nyimbo hutembea kabla ya Krismasi na Pasaka na wakati wa kipaimara. Uwe Mkristo au Mwislamu, weka vyote viwili, na uviweke kwa adabu yake. Msahafu usikae rafu ya chini, usilazwe sakafuni hata wakati unapanga mzigo, na usiwekewe kitu juu. Mzee mmoja wa Kimwera aliwahi kusimama mlangoni kwangu akatazama rafu kwa muda mrefu bila kuingia. Alipoona msahafu uko juu ya vyote ndipo akavua kofia, akaingia, akanunua. Imamu na padri wote wawili wajue duka lako, kwa sababu tangazo moja baada ya sala lina nguvu kuliko kipaza sauti cha gari.

Wakulima wengi hawatakuja kwanza, lakini wakija hawaondoki. Wanataka kitabu chembamba, chenye picha, Kiswahili chepesi, kisichozidi elfu 5: kufuga kuku wa kienyeji, kufuga nyuki, kulima ufuta, kutunza mkorosho. Kila mkulima huku anaujua ubwiriunga, ugonjwa wa mkorosho, kwa macho, na anaijua dawa yake, unga wa salfa, kwa harufu, lakini kujua lini upulize na mara ngapi ni jambo lingine. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, ndicho kinachoongoza nchi kwa utafiti wa korosho. Nenda mwenyewe, au mtume mtu, uulizie machapisho yao ya wakulima. Mimi huning'iniza aina hiyo ya vitabu kwenye kamba mlangoni, kwa vibanio vya nguo, ili mtu avione akiwa amekaa juu ya pikipiki.

Halafu vijana wa mpira. Tangu Namungo ya Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019, ukanda wenu una timu ya kushabikia ambayo haiko mbali na nyumbani. Gazeti la michezo lina faida ndogo mno, karibu si faida. Lakini kijana aliyezoea kuja kwako asubuhi kusoma gazeti, mwaka wa pili huyo atanunua kitabu cha mtihani wa leseni ya udereva, na mwaka wa tatu kitabu cha picha cha mwanawe. Nimewaona wakifanya hivyo.

Na ruhusu rafu moja iwe ya Kusini. Hili ni pendekezo la moyoni, na daftari langu linaniunga mkono. Watoto wa mkoa wa Lindi hawajui kwamba kule Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na kwamba mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kila mtoto niliyemsimulia aliniuliza kitabu chake kiko wapi. Majimaji ya 1905 hadi 1907 yalianzia katika mkoa wenu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walipata mafunzo yao hapo hapo Nachingwea. Rais Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi. Mgeni anayekuja kwa kazi ya wiki moja hununua kitabu cha aina hii, na mwenyeji hukinunua kwa fahari. Vitabu vya namna hii kwa Kiswahili bado ni vichache, kwa hiyo ukikikuta popote, chukua nakala mbili hata kama daftari halijasema.

Sasa fedha na majira. Ukifungua duka Nachingwea ukafuata kalenda ya Dar es Salaam, utaanguka. Mwaka wetu unaanzia shambani. Ufuta unauzwa minadani Juni na Julai, mbaazi zinafuata Agosti na Septemba, korosho zinaanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba au Januari. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima haondoki ghalani na fedha mkononi. Anasubiri mnada, kisha anasubiri chama chake cha msingi kimlipe kupitia benki, na siku hizo za kusubiri ni za ukame kwako pia. Fedha ikiingia ina wagombea wengi: mabati, pikipiki, madeni ya pembejeo, jando na unyago. Kitabu kinasimama nyuma kabisa ya foleni hiyo. Kisha Januari shule zinafunguliwa, mzazi anakumbuka sare, madaftari, kamusi, na korosho zimekwisha kuliwa.

Dawa niliyoipata ni kumwekea mzazi akiba. Kuanzia Oktoba nafungua ukurasa wa kila mzazi anayetaka. Analeta elfu 2 leo, elfu 5 wiki ya mnada, kwa mkono au kwa lipa namba. Kufika Desemba mfuko wa mtoto wake uko tayari, umefungwa na kuandikwa jina. Mimi napata fedha ya kuagizia mzigo kabla ya Januari, yeye halii Januari. Mpe risiti kila anapoleta, hata ikiwa elfu moja. Fedha ya akiba ya mtu usiile. Iweke kando kabisa, katika laini nyingine ya simu, mpaka siku ya kuagiza mzigo wake.

Februari hadi Mei utalia kidogo. Mvua zetu za Kusini zinaanza Desemba na kuendelea mpaka Aprili, watu wako shambani, hakuna fedha. Ndiyo miezi ya kukodisha. Chukua riwaya zilizotumika, zile unazopata kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, uzifunike kwa karatasi ngumu, uzikodishe shilingi 500 kwa wiki na dhamana ya elfu 3. Kitabu ulichonunua elfu 2 kinajilipa baada ya wiki nne, kisha kinaanza kukulisha.

Milioni 6 zako ningezigawa hivi. Laki 7 rafu, rangi, taa, meza na kufuli imara. Milioni 1 na laki 3 stesheneri: madaftari, kauntabuku, kalamu, mikebe, manila, bahasha, rimu chache. Najua umesema hutaki stesheneri tu, na nimekuelewa, lakini madaftari ndiyo yatakayolipa umeme na leseni wakati vitabu vinajifunza kutembea. Milioni 1 na nusu vitabu. Inabaki milioni 2 na nusu, na hiyo usiiguse miezi sita. Iache benki. Itakuwa pale daftari la maombi litakapokuambia kitu ambacho leo hukijui.

Mashine ya kutoa kopi usinunue mwaka huu. Kila mtu atakushauri ununue. Mji wenu una za kutosha, umeme wetu unakatika, na mashine hiyo itakuletea jaribu baya: mtu ataingia na kitabu kizima akitaka umtolee kopi kwa nusu ya bei ya kitabu ambacho kiko rafuni kwako. Sheria ya haki miliki ya mwaka 1999 inamlinda aliyekiandika, nawe muuza vitabu ukiivunja utakuwa umekata tawi ulilokalia.

Faida ya kitabu ihesabu kwa kalamu. Chukua kitabu cha elfu 10. Mimi hupata kwa wachapishaji punguzo la asilimia 20 hadi 30, tuseme nimekinunua elfu 7 na 500. Nauli ya mzigo kwenye basi, ukiigawa kwa kila kitabu, ni kama shilingi 300. Kimebaki elfu 2 na 200, na humo mna umeme, mifuko na mshahara wako. Kikiibwa kimoja, au kikilowa, unahitaji kuuza karibu vinne ili urudi ulipokuwa. Kwa hiyo usimkopeshe mtu kitabu kwa maneno. Miaka ya nyuma shule moja, sitaitaja, ilichukua kwangu vitabu vya laki 9 kwa ahadi ya mkuu wake. Mkuu akahamishwa, aliyekuja akasema hayamhusu. Hakukuwa na karatasi iliyosainiwa wala muhuri, nami sikuwa na pa kushika. Shule zikupe barua ya oda yenye muhuri, au zilipe kwanza.

Kwa upande wa kupata mzigo, omba mali kauli. Usione haya, hata maduka makubwa huchukua hivyo: unapewa vitabu, unauza, unalipa baada ya miezi miwili au mitatu, na vilivyobaki unarudisha. Mchapishaji asiyekujua atakataa mara ya kwanza. Nunua kwake taslimu mara mbili, lipa kwa wakati, kisha omba tena. Hiyo haki ya kurudisha iandikwe, kwa sababu ndiyo inayokulinda na mzigo uliolala kuliko punguzo lolote. Ningechagua punguzo la asilimia 20 na haki ya kurudisha, nikaacha asilimia 35 isiyo na haki hiyo.

Hapa ndipo mwanao anapoingia. Mpe kazi. Yuko Dar es Salaam, wachapishaji wengi wako huko, na mtu wa kwenda dukani kwao, kukagua kurasa, kufunga boksi kwa nailoni na kulipeleka stendi ni hazina. Mwambie afunge maboksi madogo, yasiyomshinda kondakta, kwa sababu boksi zito hutupwa. Na uagize mapema kabla ya mvua. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003 tumesahau taabu za kivuko, lakini njia yetu bado ni moja. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na mafuriko yakakata barabara kule Somanga, Kilwa, mzigo wangu ulikwama huku wateja wakipiga simu kila siku.

Simu nazo zisikutishe. Ni kweli zimechukua sehemu ya biashara: vitabu teule vya fasihi vinazunguka katika simu za wanafunzi, na sehemu hiyo mimi nimeiacha. Lakini sijaona mtoto wa darasa la pili akijifunza kusoma kwa simu ya baba inayoondoka naye saa 12 asubuhi, wala mzee akisoma Yasini kwenye kioo kilichopasuka. Tumia simu kama gari la matangazo. Kila Ijumaa jioni piga picha za vitabu vitatu, si zaidi, uviweke kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, ya kwaya, ya wazazi, pamoja na bei na maneno mawili ya kwako mwenyewe kuhusu kila kitabu. Maneno yako ndiyo yanayouza, maana watu watasema, "Mwalimu amekisoma."

Mambo ya serikali ni mepesi kuliko watu wanavyotisha: namba ya mlipakodi kutoka TRA, kisha leseni ya biashara halmashauri. Weka kumbukumbu za mauzo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu hutozwa kodi kwa unafuu kuliko asiye nazo.

Mchwa, hao ndio wenye haraka. Rafu zisiguse ukuta, acha nafasi ya vidole vinne, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu kama sentimeta 20. Kagua miguu ya rafu kila wiki kwa tochi. Majani ya mwarobaini yaliyokauka uyatandaze nyuma ya vitabu, yanasaidia kwa wadudu wadogo. Wakati wa mvua fungua madirisha mchana, na kitabu kilichopata unyevu kikaushe kivulini kikiwa kimesimama wima, kurasa zimeachiwa. Jua huvikunja na kuvifuta rangi.

Sasa watoto wako. Waache wasome, Mwalimu. Tandika jamvi kwenye kona wanayoonekana kutoka barabarani, weka vitabu 15 au 20 vya hadithi ambavyo umeviandika kabisa kuwa si vya kuuza, vya watoto wa jamvini. Wakichoka navyo, ongeza viwili. Mtoto atakisoma kimoja mara sita, atakihadithia nyumbani, na siku ya korosho atamshika mama yake mkono mpaka mlangoni kwako. Jumamosi asubuhi wasomee kwa sauti nusu saa, sauti unayo. Kanuni iwe moja tu: mikono ioshwe kwanza. Weka ndoo yenye koki na sabuni hapo barazani, na uiweke mapema, maana kufikia Novemba maembe yatakuwa yameiva.